Jibu la Mstari Mmoja

Mwalimu alichukia jibu refu kama watu wengine wanavyochukia mende jikoni. Ukimpelekea fomula inayojaza nusu ukurasa, anaisogeza mbali na uso, anavua miwani, anakuuliza kwa upole wa kuudhi: "Hili ni jibu, mwanangu, au ni orodha ya vyombo vya harusi?" Darasa zima linacheka. Mimi naangalia viatu vyangu. Kwa miaka yote niliyomjua, viatu vyangu nimeviangalia sana.

Alikuwa anafundisha hesabu za modeli katika chuo kimoja cha binafsi hapa Dubai. Nilianza kwa kuwa mwanafunzi wake, nikaishia kuwa msaidizi wake katika chumba cha kompyuta. Modeli, kwa asiyejua, ni kuyaandika maisha kwa herufi. Unachukua homa, au samaki, au wadudu wa shambani, unaandika wanazaliwaje na wanakufaje, kisha unatafuta msawazo, yaani hali ambayo wanaozaliwa ni sawa na wanaokufa, na idadi haipandi wala haishuki. Mwenye shamba hakuulizi leo kuna wadudu wangapi, anawaona mwenyewe. Anakuuliza mwisho wake utakuwaje. Tabu ni kwamba ukiutafuta mwisho huo kwa programu ya aljebra, kompyuta inakutapikia herufi ukurasa mzima, mabano ndani ya mabano. Kazi yetu sisi ilikuwa kulipunguza rundo hilo mpaka mtu aweze kulisoma bila kuugua kichwa.

"Mashine haina haya," alikuwa anasema. "Inakutolea kila ilichonacho, hata usichokiuliza. Kulivisha jibu nguo ni kazi ya mtu."

Alichapa kwa kidole kimoja, cha shahada, na alizungumza na kompyuta kwa Kiunguja chake safi kama anayezungumza na mjukuu. Akibonyeza, anaiambia, "Haya bwana, tupe." Ikikawia, "Inshallah." Ikimwandikia maandishi mekundu ya kosa, anaegemea kiti na kusema, "Khalas, amenuna." Darasani tulikuwa Wahindi, Wafilipino, Wanaijeria, na mimi peke yangu, binti wa Morogoro, lakini yeye hakujali nani anaelewa. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo mbele ya wenzangu, aliitikia marahaba kwa sauti ya kutoka tumboni, na wenzangu wakadhani ndiyo salamu ya chuo. Mwisho wa muhula darasa zima lilikuwa linamwamkia shikamoo, hata kijana mmoja wa Kerala ambaye alikuwa anampa na mlinzi wa getini, Mganda wa umri wake. Mwalimu hakuwahi kuwarekebisha. Nadhani alikuwa anaipenda.

Sasa nieleze jambo ambalo mpaka leo linanichanganya. Mzee huyu hakuwa na aibu hata chembe ya kukosea. Alikuwa anakuja na bakuli la kaimati alizonunua sokoni Al Ras asubuhi, analiweka kwenye meza ya mbele, na sheria ilikuwa hii: atakayemkamata na kosa ubaoni, anakula. Mtu akinyoosha mkono, Mwalimu anarudi nyuma, anautazama ubao, anasema, "Kweli. Nimekosea, alhamdulillah. Njoo uchukue haki yako." Anasema kwa furaha, kama aliyeokota kitu. Mimi nilikuwa naona haya kwa niaba yake. Kwetu mwalimu akikosea anafuta harakaharaka na kusema alikuwa anatupima. Huyu anakosea mbele ya watoto wa watu, tena anatoa na kitafunwa! Siku za mwanzo nilikuwa nayaona makosa yake na kunyamaza, nikidhani ndiyo adabu. Akanijua. Siku moja akaniambia mlangoni, "Wewe unaona, husemi. Unaniacha niende hivyo mbele za watu na kanzu imechanika nyuma. Hiyo ni heshima gani?"

Nikaanza kusema, na nikaanza kunenepa.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kuanika kila kitu. Alama za mtihani aliziandika ukurasa wa ndani, kwa penseli, ndogo, asije mwenzako akachungulia. Mwanafunzi akifeli, anaitwa ofisini na kufungiwa mlango, na akitoka hakuna anayejua kilichosemwa. Ila urefu wa jibu lako atautangaza mpaka barabarani. Nilimwuliza kwa nini, akasema kufeli ni msiba, urefu ni tabia mbaya, na tabia mbaya husemwa hadharani.

Nyumbani kwake palikuwa kimya. Mkewe alifariki kabla sijamjua, na hawakujaliwa mtoto. Alikaa fleti ya Deira karibu na soko, akijipikia vibaya. Nimewahi kula mchuzi wake, na nasema hivyo kwa heshima zote. Watu wake hapa mjini walibaki nyumba moja tu, ya shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, mzee mwenye shamba la mitende njia ya kwenda Hatta. Kila Ijumaa, baada ya sala, Mwalimu alikwenda huko. Mvua, vumbi, homa, atakwenda. Chuo kilipowahi kumpangia mkutano Ijumaa mchana, aliwaambia ana dharura ya kifamilia, na ilikuwa dharura hiyohiyo ya wiki zote. Akimtaja shemeji yake, mtu mzima na mvi zake, anaweka sawa kola ya shati kama bwana harusi aliyekwenda kuposa jana. Watu wa kwetu mnaelewa. Mkwe na shemeji ni watu ambao hutaki wakuone hata ukipiga mwayo. Na huyu alikuwa na nyumba moja tu ya kukaribishwa duniani, basi fikirieni.

Ni kwa ajili ya shemeji huyo ndiyo tukafanya ile kazi ya mitende. Mzee alilalamika kuhusu mdudu mwekundu, jamii ya fukusi, anayeutoboa mtende kutoka ndani. Unauona umesimama vizuri, siku moja unainama na kufa. Alikuwa ametega mitego ya harufu, akataka kujua inatosha au aongeze. Mwalimu alifurahi, sijawahi kumwona vile. Alikuja chumba cha kompyuta amekunja mikono ya shati, akaandika ubaoni herufi za mitende, za wadudu, za mitego, na herufi moja ya miche mipya inayopandwa kuziba pengo la iliyokufa. Akaniweka mimi kwenye kompyuta. Swali lilikuwa moja: mambo yakitulia, itabaki mitende mingapi?

Mashine ikatupa nusu ukurasa. Mwalimu akauma mdomo.

"Fupisha."

Nikaiamuru ifupishe. Ikapunguza kidogo, ikagoma. Ile herufi ya kupanda ilikuwa imekaa juu ya mstari wa sehemu, na imekaa chini pia, na mtu yeyote aliyepita sekondari anaona kwamba zikatwe zote mbili ziende zao. Mashine haikati.

"Inaogopa nini huyu?" akauliza.

"Inaogopa kwamba herufi hii inaweza kuwa sifuri, Mwalimu. Sifuri juu ya sifuri haikatwi."

"Sifuri maana yake hapandi kabisa. Nani ana mitende asipande? Baba yangu kila mtoto akizaliwa anapanda, kila mtu akifa anapanda. Nilimwuliza shemeji palepale sebuleni, mbele ya wanawe, akasema kupanda tunapanda, alhamdulillah. Mpe adabu."

Kuipa mashine adabu, katika lugha yetu ya chumba kile, ni kuiambia kabla ya kufupisha kwamba kila herufi ni kubwa kuliko sifuri. Ukishaiambia hivyo inakata bila woga. Nikaipa adabu. Ikakata. Kilichobaki Mwalimu akakiandika kwenye karatasi, akakikatakata mwenyewe kwa kalamu, huku anaimba kitu cha harusi, mpaka likatoka jibu la mstari mmoja, fupi, la kupendeza. Akalisoma kwa sauti. Akalisoma tena. Ijumaa ile akampelekea shemeji yake, na Jumatatu akanisimulia mwenyewe, uso unang'aa: "Nikamwambia, shemeji, mashine imenipa uchafu wa nusu ukurasa, mimi nikaukata kwa mkono wangu huu." Jibu lilisema mitende mingi itabaki, mitego iliyopo inatosha. Mzee akatulia, hakuongeza mitego.

Mitende ikafa. Haikufa yote, lakini ikapungua mpaka ikapita chini ya idadi tuliyomwahidi, na ikaendelea. Mwalimu alianza kurudi kutoka Ijumaa zake akiwa mnyonge. Anasema tu, "Mitego itakuwa mibovu." Mimi nikarudi kwenye kompyuta, nikaiondolea mashine ile adabu, na pale penye herufi ya kupanda nikaweka sifuri. Jibu letu zuri likatoweka. Mahali asipopanda mtu, hakuna msawazo ule tuliouandika. Wadudu wanakula mpaka wanapita kiasi, kisha wanakufa kwa njaa, na mitende iliyobaki ni michache sana kuliko ile ya kwenye fomula. Tulikuwa tumekata herufi ambayo haikuwa yetu kuikata.

Kumwambia ilinitoa jasho kwenye chumba chenye baridi ya kutetemesha. Nilisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja kioo, na kioo sikukivunja mimi. Nikasema, "Mwalimu, na kama yule mzee hapandi?" Akasema, "Anapanda, aliniambia." Nikasema, "Lakini kama hapandi?" Kisha nikamwonyesha. Hakununa, hakubisha. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya darasa, akaandika fomula ile ubaoni, akawaambia wote, wa Kerala na wa Manila na wa Lagos: "Hili ni kosa langu. Mashine ilinionya, nikaipa adabu. Aliyelikamata ni huyu hapa." Akaniletea bakuli zima la kaimati mpaka kwenye kiti changu. Nilikula moja, zilizobaki nikawapitishia wenzangu.

Sasa mtu kama huyo, aliyekiri mbele ya darasa la wageni bila kupepesa macho, mtadhani kukiri kwa shemeji yake itakuwa kazi? Hata mimi nilidhani hivyo. Aliniambia, "Twende wote, utanisaidia kueleza." Njiani, garini, alikuwa anajisomesha maneno yake kwa sauti ya chini: shemeji, nimekuja kukuomba radhi, jibu nililokupa nililikosea. Anayarudia, anayapunguza. Nilicheka kimoyomoyo. Hata kuomba radhi alitaka kuwe kwa mstari mmoja.

Shemeji yake alitupokea getini na bakora yake, mzee mwembamba, kanzu nyeupe, Kiunguja kilekile. Akatupeleka shambani. Mashina yenye matundu, mengine yamekatwa yakabaki visiki. Na katikati ya safu, pale palipotakiwa kuwa na miche, palikuwa na mashimo yaliyojaa mchanga mpaka juu, yamezibwa na upepo wa miaka. Mche hata mmoja haukuwapo. Mwalimu alisimama akiyatazama mashimo yale. Mzee akagongagonga bakora chini.

"Mwaka huu hatukuwahi kupanda," alisema.

Mwalimu alikohoa. Nikasubiri. Maneno yake nilikuwa nayajua kwa moyo, ningeweza kumsaidia yakimponyoka.

"Mashine ilikosea, shemeji," akasema.

Mzee akageuza shingo taratibu. "Mashine? Si ulisema uliikata kwa mkono wako?"

Mwalimu aliweka sawa kola. "Mwisho wake nilimwachia huyu binti aiangalie."

Jamani. Mimi niliyeliona kosa, mimi niliyekula kaimati ya kulikamata, leo nasimamishwa kati ya visiki niwe ndiye niliyelifanya. Na nikamtazama usoni Mwalimu wangu, na usoni hapakuwa na ujanja wala uongo wa kuzoea, palikuwa na mtu anayezama. Kwetu mkubwa hakanushwi mbele ya shemeji yake. Anasitiriwa. Ukiona nguo yake imeanguka unaokota, huulizi imeangukaje.

"Ni kweli, mzee," nikasema. "Niliangalia vibaya. Unisamehe."

Yule mzee alinitazama, akamtazama Mwalimu, kisha akatazama chini. "Mtende ni wa Mungu, mwanangu," akasema. "Hata sisi watu wazima tunakosea." Wakati wa kuondoka akaniwekea boksi la tende mapajani, yeye mwenyewe, kwa mikono miwili. Tende za mtu ambaye nimemwulia mitende! Njia nzima ya kurudi mjini Mwalimu alizungumzia foleni, na daraja jipya, na jinsi zamani hapa palivyokuwa jangwa tupu. Nilimjibu ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu. Boksi lilikuwa zito.

Mwenzangu wa chumba pale Al Nahda, dada wa Kampala anayefanya ulinzi kwenye maduka, nilipomsimulia alikula tende saba kwa hasira. "Yeye alikutupa wewe ili apone," akasema. "Na wewe ulikubali tu?" Nikamwambia ni mzee. "Hata mimi nina wazee," akasema. "Wazee wangu wanabeba kosa yao."

Maneno yale yalinikaa. Mwalimu hakubadilika kwangu. Aliniandikia barua nzuri nilipoomba kazi kwenye chuo kingine, alinitumia salamu za sikukuu, alinikosoa kwa urefu wa ujumbe wangu wa simu. Lakini jambo lile hakuligusa kamwe, na mimi nikaacha kumheshimu kwa ndani huku kwa nje naendelea na shikamoo. Hiyo ndiyo aibu mbaya kuliko zote, shikamoo isiyo na kitu ndani. Nilimsimulia kwa watu, bila kumtaja jina, nikijifanya mtu mzima niliyemsitiri mzee. Nilikuwa na kiburi na stara yangu. Na bado simu yake ikilia nilikuwa nasimama kabla ya kuipokea.

Alistaafu. Akazidi kuwa mdogo ndani ya mashati yake. Nilimkuta mara moja Al Ras amebeba mfuko wa iliki, anabishana na muuzaji kuhusu mizani, na nikapita njia nyingine. Nilijiambia nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote.

Halafu siku moja akapiga simu. Sauti ilikuwa kavu. Shemeji yake amefariki, wamezika, na matanga yanaendelea kule shambani. "Njoo, mwanangu. Kuna jambo nimelishindwa."

Niliazima mtandio wa yule dada wa Kampala, nikaenda. Wageni wengi walikuwa wameshaondoka. Mjane alikuwa ndani, amekaa eda, na mlango wa chumba chake umeshushwa pazia zito. Wanawake wa nyumba walikuwa wanapita na vikombe vya kahawa. Mwalimu alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, karibu na mlango ule, mikono juu ya magoti. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba kwa sauti ambayo ilinibidi kuitegea sikio.

"Keti," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Toka siku ile, kila Ijumaa nilikuja hapa na maneno yangu. Nimeyapanga vizuri. Nikifika, analeta wali. Tunakula. Ananiuliza habari za afya, habari za chuo. Namjibu. Jua likipinda narudi Deira na maneno yangu yaleyale. Najiambia Ijumaa ijayo, inshallah. Sasa hakuna Ijumaa ijayo."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno haya kwa hamu ya kujiona nimeshinda, na yalipokuja hayakuwa na ladha.

"Ingia ndani," akasema. "Mwambie shemeji yangu, huyu mjane. Mwambie lile kosa halikuwa lako wala la mashine. Lilikuwa langu. Wewe unajua kueleza. Mimi mbele ya nyumba hii ulimi haunyanyuki."

Sijawahi kumkatalia Mwalimu kitu. Hata nilipokuwa simheshimu sikuwahi kumkatalia.

"Mwalimu," nikasema, "safari hii sisemi mimi. Pazia hili hapa. Anakusikia."

Nilidhani atakasirika, nikatamani akasirike. Akashika mikono ya kiti, akanyanyuka polepole, akasogea mpaka mlangoni, akasimama upande, uso ameugeuzia ukuta kama mtu mwenye adabu zake.

"Shemeji," akasema.

"Labeka," ikajibu sauti ya ndani.

"Lile jibu la mitende niliikata fomula vibaya mimi. Binti huyu ndiye aliyeligundua kosa, hakulifanya. Marehemu nilimdanganya hapa hapa shambani, na sikumwambia mpaka amekufa. N'naomba radhi zako, na zake."

Ndani nilisikia tasbihi ikisogezwa, punje moja, punje nyingine. Mwanamke aliyeshika birika la kahawa alisimama pale alipokuwa.

"Tunajua, shemeji," ikasema ile sauti. Ilikuwa imechoka na haikuwa na ukali. "Marehemu alijua siku ileile. Mimi nilitaka kukuuliza, akanikataza. Alisema, nikimwuliza lake itabidi niseme langu."

"Lake lipi?"

"Hakuwa anapanda. Tangu watoto wahamie mjini na maji yaingie chumvi hakupanda hata mche mmoja. Ulipomwuliza mbele ya wanawe alisema anapanda kwa sababu aliona haya kwako, wewe mtu wa elimu uliyemwoa dada yake. Kisha mitende ikafa, na yeye anajua kwa nini, na wewe unasema mashine. Kila Ijumaa akinawa mikono aliniambia, leo akisema lake na mimi nasema langu. Alikuwa anakungojea uanze."

Mwalimu alikuwa bado amelitazama lile pande la ukuta. "Yale mashimo niliyaona," alisema. "Nilikuja na neno langu mdomoni. Nikayaona yale mashimo, nikajua nikisema kosa langu lilivyokuwa, nitakuwa nimemwambia mbele ya mgeni kwamba ni mwongo. Nikasema mashine. Halafu akanibana kuhusu mkono wangu, nikaogopa kwa ajili ya nafsi yangu, nikamtupa huyu mtoto. Nusu ilikuwa kwa ajili yake, shemeji. Nusu yangu. Sijui ipi ilikuwa kubwa."

"Na yeye aliona kwamba umeyaona," ikasema sauti.

Nilikuwa nimesimama katikati yao, mimi na mtandio wa kuazima. Mashimo yale na mimi niliyaona. Nilikuwa palepale, kwenye mchanga uleule, na nilichokiona siku ile ni kwamba nimeonewa. Nimekwenda nayo hadithi hiyo Al Nahda nzima, nimeila na tende za marehemu. Nilitafuta pa kuweka macho nikakosa, maana viatu tulikuwa tumevivua mlangoni.

Mwalimu alirudi kwenye kiti chake akakaa. Yule mwanamke akamwekea kikombe cha kahawa mkononi, akakishika bila kunywa. Watoto wa marehemu walikuwa wanaongea chini kwa chini huko uani. Alikaa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

"Kumbe," akasema, hakumwambia yeyote, "miaka yote ile tulikuwa tunakula wali tu."